Asubuhi moja Nairobi: Museum Hill au Makumbusho ya Reli?

Msomaji wa Voi ameuliza hivi: "Tunakuja Nairobi kwa harusi ya mdogo wangu. Tunafika Alhamisi jioni, harusi ni Jumamosi, na Ijumaa mchana kuna shughuli za ukoo. Kwa hiyo tuna asubuhi moja tu ya kutembea. Tuko watano: mimi, mume wangu, wanangu wawili wa miaka 7 na 13, na baba yangu mwenye miaka 77, ambaye alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa garimoshi. Siku hizi anatembea na mkongojo. Kijana anataka Makumbusho ya Taifa kwa sababu ya mifupa ya binadamu wa kale aliyoisoma shuleni. Baba hajataka chochote, anasema tumpeleke popote. Makumbusho ya Reli nimesikia ni madogo na yamechakaa. Twende wapi?"

Dada yangu, mpelekeni mzee Makumbusho ya Reli, na watoto waende naye.

Familia nyingi zikiniuliza swali kama lako, huwa nazielekeza Museum Hill, kwenye Makumbusho ya Taifa, kabla hazijamaliza kuuliza. Kilichobadilisha jibu langu ni neno moja ambalo umelitaja kwa kupita tu: fayamani. Nimewatembeza watu ndani ya makumbusho ya jiji hili kwa miaka mingi, na sijui kitu kinachoweza kushinda asubuhi ambayo mtoto anasimama mbele ya mashine pamoja na mtu aliyewahi kuiendesha.

Lakini nianze na Museum Hill, kwa maana mwanao ana haki ya kujua anachokikosa, nami sitaki kumwambia kwamba ni kidogo. Makumbusho yale yana mizizi ya mbali. Chama cha wapenzi wa viumbe na mimea ndicho kilichoanza kukusanya vitu, karibu mwaka 1910. Jengo la kilimani lilifunguliwa 1930 likiitwa kwa jina la Robert Coryndon, aliyekuwa gavana wa Kenya, na jina hilo likaondolewa baada ya uhuru. Mwaka 2005 yalifungwa kwa ukarabati mkubwa, yakafunguliwa tena 2008. Uani amesimama Ahmed, sanamu ya yule ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe usiku na mchana ili wawindaji wasimguse. Ahmed alikufa 1974 bila kupigwa risasi, na mifupa yake imehifadhiwa pale pale. Ndani kuna mamia ya ndege waliokaushwa, kuna michoro ya Joy Adamson ya watu wa jamii mbalimbali wakiwa wamevaa mavazi yao ya asili, na kando ya jengo kuna bustani ya nyoka, ambayo watoto wadogo huikumbuka kuliko vyote.

Na kuna Mvulana wa Turkana, ambaye bila shaka ndiye aliyemteka mwanao. Mwaka 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mchimbaji Kamoya Kimeu alitoka kutembea siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika. Akaona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, cheusi, kimelala katikati ya changarawe nyeusi. Watu wengi wangekikanyaga wakapita. Kipande hicho ndicho kilichowaongoza wachimbaji hadi kwenye kiunzi cha mvulana aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita, kiunzi ambacho hadi leo ni miongoni mwa vilivyokamilika zaidi duniani kwa binadamu wa kale kiasi hicho. Kamoya hakuwa na elimu ya darasani zaidi ya shule ya msingi. Alianza kazi ya kuchimba mwaka 1960 huko Olduvai, Tanzania, chini ya akina Leakey, familia ya watafiti wa binadamu wa kale, na jicho lake likawa shule ya wengi waliomfuata. Mwambieni kijana habari zake, hata kama hamtafika kilimani Ijumaa hii. Vitabu vya shule huwataja Leakey mara kumi kabla ya kumtaja yeye mara moja, jambo ambalo linaniuma.

Sasa fikiria familia yako ndani ya jengo hilo. Ni kumbi nyingi, ghorofa mbili, sakafu ngumu, na karibu kila kitu kinataka usimame usome. Kijana wa miaka 13 atafurahi. Wa miaka 7 atachoka akifika ukumbi wa tatu na kuanza kuulizia nyoka. Mzee atasimama kwa adabu mbele ya kila kabati la kioo, mkongojo ukibeba uzito wake, kisha atatafuta kiti na kuwaambia muendelee tu, yeye yuko sawa. Nimewaona wazee wengi wakikaa kwenye viti vile vya ukutani, wakiwasubiri wajukuu kwa saa nzima. Hawalalamiki. Ndiyo sababu neno "popote" la baba yako lisikuridhishe. Kwa watu wa rika lake, na hasa waliofanya kazi za mikono, "popote" mara nyingi ni namna ya kukataa kuwa mzigo.

Nikiombwa kuchagua kati ya makumbusho mawili, swali langu la kwanza kwa kawaida ni hili: kati yenu, nani atakuwa msemaji? Mahali penye vitu elfu moja lakini hakuna wa kuvizungumzia, mtoto huondoka na picha za simu tu. Mahali penye vitu thelathini na mtu mmoja anayejua uzito wa kila chuma, mtoto huondoka na hadithi. Familia yako ina mtu wa namna hiyo, na haitakuwa naye siku zote.

Umesikia kwamba Makumbusho ya Reli ni madogo na yamechakaa. Ni kweli. Yalifunguliwa 1971, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania bado ilikuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Yako karibu na stesheni kuu ya zamani, upande wa kuelekea Uhuru Highway, na ukumbi wa ndani unaumaliza kwa dakika arobaini: picha, vyombo vya mawasiliano ya stesheni, vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula, na kile kiti cha mbao kilichofungwa mbele ya garimoshi ili wageni wakubwa wapate kutazama wanyama. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alisafiri hivyo mwaka 1909. Mali yenyewe iko nje, kwenye reli zilizokatwa, jua na mvua vikiifanyia kazi yake. Rangi imebabuka. Nyasi zimepanda kati ya mataruma. Ukienda huko kutafuta vioo na taa nzuri utarudi umenuna.

Lakini muelekeze mzee moja kwa moja kwenye namba 5918.

Hilo ni garimoshi liitwalo Mount Gelai, kwa jina la mlima ulioko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Ni moja kati ya magarimoshi 34 ya aina moja, Class 59, yaliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, yote yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake unakaribia tani 252. Katika historia yote ya reli za upana wa mita moja, hakuna magarimoshi ya mvuke yaliyoyashinda kwa nguvu. Ukilitazama kwa ubavu utaona umbo la ajabu: boila iko katikati, imening'inizwa kati ya injini mbili zinazojipinda kila moja kivyake. Hivyo ndivyo lilivyoweza kupita kwenye kona za njia ya zamani na kusambaza uzito wake bila kuvunja reli nyepesi. Kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Na njiani kuna wapi? Kuna Voi. Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Makindu: yale ambayo wewe unayajua kama majina ya miji ya barabarani, baba yako anayajua kama mahali pa maji, pa mafuta, pa kubadilishana zamu usiku. Magarimoshi hayo yalifanya kazi mpaka karibu 1980. Kwa umri wake, baba yako aliingia kazini yakiwa bado wafalme wa njia hiyo, na kama hakupangiwa hili lenyewe, basi amefanya kazi kwenye nduguye.

Wanafunzi niliokuwa nikiwatembeza pale walinikimbia siku moja, na sijawahi kufurahi kukimbiwa kama siku hiyo. Mzee mmoja aliyekuja peke yake, koti kukuu na kofia, alikuwa amesimama kando ya gurudumu bila kusema kitu. Msichana mmoja akamuuliza kama analijua garimoshi lile. Akajibu kwamba alilala humo usiku mwingi kuliko nyumbani. Baada ya dakika tano darasa zima lilikuwa limemzunguka, naye akiwaonyesha kwa mkono jinsi fayamani alivyosoma moshi: ukiwa mweusi tititi, mafuta yamezidi na dereva atakutazama vibaya, ukiwa mweupe, hewa imezidi na mvuke utapungua, unaotakiwa ni ukungu mwembamba wa kijivu, na ni lazima uudumishe mlima mzima. Nilikuwa nimewaeleza watoto wale mwaka, uzito na kiwanda. Hakuna aliyeandika. Habari ya moshi waliiandika wote.

Mtoto wa miaka 7 mpelekeni baadaye kwenye behewa la Kima, lakini msimulieni kwa kiasi. Ninyi mnatoka Voi, jirani na Tsavo, kwa hiyo habari za simba mmezaliwa nazo, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Simba wawili wa Tsavo waliwala wajenzi wa daraja mwaka 1898, wakauawa na Patterson, mhandisi wa daraja hilo, na ngozi zao ziko Chicago hadi leo. Behewa lililopo makumbushoni halihusiani nao. Hilo ni la Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ambako ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikaa usiku na wenzake wawili wakimvizia simba mwingine. Zamu yake ya kukesha ilipofika, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kupitia mlango wa kutelezesha, behewa likainama kwa uzito wake na mlango ukajifunga nyuma yake, kisha akaruka dirishani akiwa na Ryall mdomoni. Ukisimama ndani ya behewa lenyewe ukaona jinsi lilivyo finyu, hadithi inakuwa nzito kuliko inavyosimuliwa barazani jioni. Watoto wengine hukosa usingizi, kwa hiyo wewe mama ndiye wa kuamua.

Kwa kijana mkubwa nina jambo zito zaidi. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwishoni mwa 1901. Wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa 31,983, na kati yao 2,493 walikufa. Jiji hili lote, pamoja na ukumbi mtakaochezea harusi, lipo hapa kwa sababu wajenzi walihitaji mahali tambarare pa kuweka karakana kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Makumbusho yanaeleza mashine vizuri kuliko yanavyoeleza watu. Habari za Waafrika waliobeba mizigo, za waliopoteza ardhi, za Wanandi waliopigana na njia hiyo hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905, hazipati nafasi zinazostahili ukutani. Kijana anayependa kuuliza binadamu alitoka wapi anaweza kuanza kuuliza pia mji wake ulitoka wapi, na nani aliulipia.

Najua bado atanuna kidogo. Usimlazimishe afurahi. Mpe kazi badala yake: yeye ndiye mwenye simu ya kurekodi, yeye ndiye muulizaji, na babu asikatizwe na mtu mwingine. Kisha mpe ahadi ambayo mtaitimiza. Kama siku ya kurudi mna saa mbili za ziada kabla ya kwenda kupanda treni, mume wako ampeleke Museum Hill peke yake, waingie moja kwa moja kwenye ukumbi wa chimbuko la binadamu, wasisimame kwa ndege wala kwa michoro, watazame Mvulana wa Turkana mpaka waridhike, na watoke. Saa moja ya mtoto anayejua anachokitaka inatosha. Hao wawili watakwenda kwa hatua zao, na hakuna atakayekuwa akiwasubiri kwenye kiti.

Kitu ambacho nakusihi usifanye ni kujaribu yote mawili asubuhi hiyo hiyo. Kwenye ramani ni kilomita chache tu, lakini Uhuru Highway haisomi ramani, na hata foleni ikiwa nzuri mtakuwa mmemshusha na kumpandisha mzee garini mara nne kabla ya saa sita. Mtafika sehemu ya pili mkiwa mnatazama saa.

Mambo ya safari ni machache. Fikeni mapema, saa tatu asubuhi ikiwezekana, kwa sababu uani kivuli ni haba na chuma kikishika jua hakishikiki. Bebeni maji, kofia, na kiti kidogo cha kukunja kwa ajili ya mzee. Usitegemee kupata benchi mahali ambapo atataka kukaa, kwani atataka kukaa mbele ya garimoshi. Viatu viwe vya kufunga. Wa miaka 7 atapanda kila ngazi atakayoiona, nazo zina kutu na kingo kali, kwa hiyo mtu mzima mmoja awe wake tu. Watu wazima wote wabebe vitambulisho, kwa maana raia hawatozwi sawa na wageni, na malipo mengi siku hizi hupitia kwenye simu. Ingieni ukumbi wa ndani kwanza, kungali na ubaridi wa asubuhi na mzee ana nguvu, lakini msikae zaidi ya nusu saa; nje ndiko alikokuja.

Ngazi ya kupandia kwenye kibanda cha dereva ni ya wima. Baba yako aliipanda maelfu ya mara, na mwili wake utakumbuka hivyo kabla goti halijamkumbusha vingine. Mwache aamue mwenyewe. Akitaka kupanda, mume wako awe nyuma yake na kijana awe juu tayari kumpokea mkono. Akikataa, msimsihi, atasimama chini na kuwaelekeza nyinyi mshike nini, na hilo lina raha yake. Yawezekana pia akanyamaza. Nimewaona waliofika, wakaligusa gurudumu, na wasiseme neno kwa robo saa. Wakati huo wapelekeni watoto kwenye magarimoshi mengine, kuna moja liitwalo Nyaturu, na mrudi polepole.

Akiwa tayari kuzungumza, maswali ya kwamba kazi ilikuwaje hayatawapa kitu. Atajibu ilikuwa ngumu, na habari itaishia hapo. Muulizeni vitu vya mkono na vya jicho. Alijuaje usiku, bila kuona moshi, kwamba moto umekaa sawa? Glasi ya kuonyesha maji ilikuwa upande gani, na ikipasuka mlifanya nini? Nani alikuwa akipika, na mlitumia nini kupikia? Halafu muulizeni habari ya mchanga. Magarimoshi haya yalichoma mafuta mazito, na masizi yalijaa ndani ya mirija ya boila mpaka mvuke ukapungua. Fayamani alichota mchanga kwa koleo na kuumwaga mdomoni mwa tanuru huku garimoshi likivuta kwa nguvu. Mvuto ukaunyonya mchanga kupitia kwenye mirija, ukakwangua masizi yote, na juu kukatoka wingu jeusi lililoonekana kutoka mbali. Baba yako atakuwa na mahali pake alipopenda kufanya hivyo, kati ya Voi na Mtito Andei. Kijana awe amewasha simu kabla babu hajaanza kujibu.